Kabla ya kulikata ‘skuli’ kwa kalamu nyekundu, tuulize shati na sketi

Jumamosi iliyopita nilishukia Kengeleni, pale penye kengele ya zamani ya Freretown, nikiwa nimemshika mkono mpwa wangu wa Gredi ya Tano. Tulikuwa tukielekea soko la Kongowea kwa fundi wa cherehani. Shati lake la sare lilikuwa limembana mabega, nayo sketi ya marinda ilikuwa imepanda juu ya magoti. Watoto hukua, na mzazi au mjomba hana budi kugharimika.

Njiani akaniuliza swali lililonisimamisha.

“Mjomba, kwani nyanya hajui Kiswahili?”

Nikamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Akanieleza kisa chote. Walikuwa wameandikishwa insha kuhusu siku wasiyoisahau, naye akaandika kwamba asubuhi hiyo nyanya yake ndiye aliyempeleka skuli. Daftari liliporudi, neno ‘skuli’ lilikuwa limezungushiwa duara jekundu, na pembeni mwalimu ameandika: “Hiki ni Kiingereza kibovu. Neno la Kiswahili ni shule.” Mtoto alisahihisha, akaipokea alama yake, mambo yakaisha. Au niseme yaliisha darasani, kwa sababu jioni ile aliporejea nyumbani alimsahihisha nyanya yake mbele ya watu, kwa maneno yale yale ya mwalimu.

Nyanya huyo ni mamangu mzazi. Amezaliwa Kisauni, amelelewa Kisauni, na neno ‘skuli’ amelitamka kwa zaidi ya miaka sabini bila kuombwa radhi wala kuomba radhi. Siku ile alicheka tu. Lakini dada yangu ameniambia kwamba tangu hapo mama halitaji tena neno hilo mbele ya mjukuu wake. Husema, “huko kwenu mnakosoma.” Hilo ndilo lililonifanya niketi kuandika makala haya.

Sikusudii kumwaibisha mwalimu. Najua uzito wa kusahihisha madaftari hamsini kwa usiku mmoja. Tena kuna jambo moja ambalo yuko sahihi kabisa: katika Kiswahili sanifu kinachotahiniwa nchini Kenya, neno ni ‘shule’, na mtoto ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya siku ya mtihani. Ugomvi wangu ni na hiyo sentensi ya kwanza. Mwalimu hakusema kwamba ‘skuli’ halitumiki katika mtihani. Alisema si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovunjika. Hapo ameacha kuzungumzia usanifu, ameingia katika asili ya maneno, na asili ya maneno ni taaluma yenye kanuni zake.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja, naye ni mwalimu wa Kiswahili wa miaka mingi, kisa hiki. Jibu lake lilinishangaza zaidi. “Lakini ‘shule’ nalo si ni hilo hilo la Kiingereza?” alisema. “Sisi tumelilainisha tu. Ile ‘sk’ ni nzito mdomoni, tukaigeuza ‘sh’. Ndiyo maana ‘shule’ ni Kiswahili zaidi.”

Maelezo hayo yanavutia, na nimeyasikia kwa watu wengi. Ubaya wake ni kwamba hayana ukweli. Na ushahidi wa kuyapinga hatukuhitaji kuutafuta maktabani. Tulikuwa nao siku ile Kongowea: lile shati na ile sketi mkononi mwa fundi.

Tuanze na sketi. Iwapo Mswahili ana mazoea ya kuigeuza ‘sk’ ya Kiingereza kuwa ‘sh’, mbona hatusemi ‘sheti’? Mbona vijana wenye skafu shingoni tunawaita maskauti, wala hatuwaiti ‘mashauti’? Mbona asubuhi tunakunywa chai kwa skonzi, hatuli ‘shonzi’? Fundi wa mbao anakaza skrubu, hakazi ‘shrubu’. Kila tulipopokea neno la Kiingereza lenye ‘sk’ mwanzoni, tuliiacha ‘sk’ ilivyo. Kwa hiyo hiyo kanuni ya kulainisha anayoitaja rafiki yangu haimo katika Kiswahili.

Haya, tutazame mwisho wa neno. Neno la Kiingereza linaloishia kwa ‘l’ tukilipokea tunalipa irabu ‘i’: hoteli, petroli, baiskeli, stuli. Kwa mwendo huo, neno la Kiingereza la mahali pa kusomea lingetupa ‘skuli’, na ndivyo lilivyotupa. Ile ‘e’ ya ‘shule’ imetoka wapi? Haikutoka kwa Waingereza, maana kwao haipo.

Ipo kwa Wajerumani. Kwao mahali pa kusomea ni Schule, na hutamkwa karibu sawasawa na tunavyotamka sisi, ‘sh’ mwanzoni na irabu ya nyuma inasikika. Wajerumani walitawala Tanganyika kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita Vikuu vya Kwanza, wakafungua skuli za serikali Tanga na kwingineko, wakatumia Kiswahili katika kazi za utawala. Huko ndiko neno lilikoingilia. Wala halikuja peke yake. Mwaka 1904 walibadilisha sarafu za koloni lao, rupia ikawa na senti mia zilizoitwa Heller, na mpaka leo Mtanzania akitaka pesa husema anataka hela. Sarafu zenyewe hazitumiki tena, jina limebaki.

Kuna wasomaji watakaosema: kwani Wajerumani si walikuwa hapa hapa kwetu? Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mnara wa kumbukumbu yake uko upande huu huu wa Nyali, karibu na walikozikwa mkewe Rosine na mtoto wao mchanga waliofariki mwaka ule ule. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882. Je, si yeye aliyetuletea ‘shule’? Ni wazo la kupendeza, na wakazi wa Nyali tungejivunia. Lakini ukaribu wa kaburi si ushahidi wa asili ya neno. Krapf alitumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, CMS, na kamusi yake aliiandika kwa wasomaji wa Kiingereza. Nguvu ya kulisambaza neno la Kijerumani nchi nzima ilikuwa kwa serikali yenye madarasa, vitabu na makarani, nayo serikali hiyo ilikuwa ng’ambo ya mpaka, Tanganyika.

Sasa turudi kwa rafiki yangu na ulainishaji wake. Kusema kweli hakukosea kila kitu. Kuna watu walioigeuza ‘sk’ kuwa ‘sh’. Ila si Waswahili. Ni Waingereza na Wajerumani wenyewe, tena zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kideni, Kiswidi na Kiaislandi ni lugha za ukoo mmoja, ukoo wa Kijerumaniki. Ni ndugu kama vile Kiswahili, Kigiriama na Kipokomo walivyo ndugu. Lugha mama yao ilikuwa na maneno mengi yenye ‘sk’. Watoto walipotawanyika, kila mmoja aliitendea sauti hiyo kwa njia yake. Wadeni waliihifadhi. Waingereza na Wajerumani waliilainisha. Kiatu kwa Mdeni ni sko, kwa Mwingereza ni shoe, kwa Mjerumani ni Schuh. Meli ni skib, kisha ship, kisha Schiff. Samaki ni fisk, kisha fish, kisha Fisch. Msomaji ataona kwamba si neno moja la kubahatisha. Ni safu nzima ya maneno inayokwenda kwa mpango mmoja. Hivyo ndivyo wanaisimu wanavyothibitisha udugu wa maneno. Hawatazami kufanana kwa maneno mawili tu, hutazama kama tofauti zake zinajirudia mahali pale pale.

Katika safu hiyo limo pia vazi la kifuani. Kwa Mwingereza wa kale lilikuwa scyrte, na baada ya ‘sk’ kulainika likawa shirt. Hilo ndilo shati letu. Kwa watu wa Skandinavia vazi hilo hilo lilikuwa skyrta, na halikulainika. Mwaka 793 watu wa Skandinavia waliivamia monasteri ya Lindisfarne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Miaka iliyofuata wengine wao hawakurudi makwao. Walilowea, wakalima, wakaoa, wakazungumza na majirani zao lugha mbili zinazokaribiana kiasi cha kuelewana kwa shida kidogo. Maneno yao mengi yakabaki. Neno la Kiingereza la ngozi, skin, ni lao. La mbingu, sky, ni lao. Na hiyo skyrta yao ikaingia Kiingereza kama skirt.

Basi Mwingereza akajikuta ana maneno mawili kwa nguo moja: moja la nyumbani lililolainika, moja la mgeni lisilolainika. Lugha haipendi kubeba mizigo miwili kwa kazi moja. Taratibu wakagawana mwili. La nyumbani likabaki na kifua, la mgeni likashuka kiunoni. Huko kwa wenyewe halikushuka. Hadi leo ukienda Denmark ukasema skjorte, watakuletea shati, wala si sketi. Na Mjerumani naye ana ndugu yao wa tatu, Schürze, lakini kwake ni aproni ya kuvaa jikoni.

Shina la yote hayo, kadiri wanaisimu wanavyolifuatilia nyuma, ni la kukata. Shirt na skirt ni jamaa wa short, yaani fupi, na wa shear, yaani kukata manyoya ya kondoo. Ilikuwa nguo iliyokatwa ikawa fupi. Fundi wangu wa Kongowea, mkasi mkononi, angelielewa hilo bila kueleza.

Yote haya yanahusu nini na daftari la mpwa wangu? Yanahusu sana, kwa sababu ‘shule’ na ‘skuli’ ni kama shati na sketi: ni neno moja lililopita njia mbili.

Asili yake si ya Kijerumaniki hata kidogo. Ni Kigiriki, skholē, na maana yake ya kwanza ilikuwa wasaa, yaani muda wa mapumziko usio na kazi za mikono. (Wanafunzi wakisikia hivyo hucheka.) Wenye wasaa walikutana wakajadiliana, na mwisho neno likawa la mahali pa kujadiliana na kufundishwa. Warumi walilichukua likawa schola. Kutoka Kilatini likaingia katika lugha za Kijerumaniki pamoja na kanisa na vitabu vyake. Mjerumani alilitia katika safu ya kiatu na samaki, akalilainisha: Schule. Mdeni, kama kawaida yake, hakulilainisha: skole. Mwingereza je? Kwa kanuni yake mwenyewe alipaswa kulitamka kwa ‘sh’. Lakini neno hili lilikuwa midomoni mwa mapadri na wasomi waliokuwa wakikisoma Kilatini kila siku, na sauti ya Kilatini ikalishikilia. Ndipo likabaki na ‘sk’ yake: school.

Basi tazama safari hizi mbili. Neno la Kigiriki lilipita Roma, likagawanyika Ulaya kaskazini, moja likaenda kwa Wajerumani likalainika, jingine likaenda kwa Waingereza likabaki gumu. Yote mawili yakapanda meli. La Kijerumani likashukia Tanga na Dar es Salaam. La Kiingereza likashukia Zanzibar, iliyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, na hapa kwetu Mombasa. Yakakutana tena katika Kiswahili, ‘shule’ na ‘skuli’, baada ya kuachana kwa zaidi ya miaka elfu. Ukimwuliza mwanaisimu lipi kati ya hayo ni la Kiswahili zaidi, hatakuwa na la kukujibu. Yote mawili ni wageni, yote mawili yamepewa irabu, yote mawili yameingia katika ngeli ya I-ZI, na yote mawili yana wasemaji waliyonyonya nayo maziwa ya mama.

Mbona basi moja likawa sanifu na jingine likawa kosa? Hapo ndipo historia yetu wenyewe inapochekesha kidogo, na kuuma kidogo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, wala si Kimvita. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji huo katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Waungwana wa Mombasa hawakufurahi, na mjadala wake haujaisha mpaka leo. Lakini angalia: Unguja kwenyewe, kulikochaguliwa kuwa kipimo cha usanifu, wanasema skuli. Ukitembea mjini Zanzibar utaona vibao vya serikali vimeandikwa ‘Skuli ya’ hivi na hivi, na hakuna anayevizungushia duara jekundu. Kwa neno hili, tulioambiwa tumfuate Muunguja tumefuata Tanganyika ya Mjerumani, kisha tukamwambia bibi wa Kisauni asemaye kama Muunguja kwamba hajui Kiswahili.

Rafiki yangu bado ana hoja moja ya maana, na sitaki kumdhulumu. Anasema silabi za Kiswahili kwa desturi ni wazi, konsonanti na irabu, na ‘shule’ linatii desturi hiyo kuliko ‘skuli’ lenye konsonanti mbili zilizoshikana. Ni kweli. Kama sababu ya kupendelea ‘shule’ ni wepesi wa kutamka, naikubali kuwa sababu. Lakini haitoshi kuliondoa ‘skuli’ katika lugha. Kwa kipimo hicho mwalimu angelazimika kuvua na sketi, kufukuza maskauti na kumwaga skonzi. Hawezi. Ameyakubali hayo yote bila kuuliza yametoka wapi, kisha akaligeukia moja tu, kwa bahati mbaya lile linalosikika zaidi midomoni mwa wazee wa Pwani.

Na lau tungetaka kweli neno lisiloletwa na mkoloni yeyote, tulikuwa nalo. Kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwingereza, mtoto wa pwani alikwenda chuoni. Mpaka leo mitaani mwetu mtoto akienda kusoma Kurani huambiwa anakwenda chuoni, na mtu mwenye elimu kubwa ya dini ni mwanachuoni. Neno hilo tumelipandisha cheo, sasa ni la mahali pa elimu ya juu, na nafasi yake ya zamani tukaijaza kwa maneno mawili ya Ulaya. Sina kinyongo na hilo. Lugha hukopa, na Kiswahili kimekopa kwa mikono miwili tangu zamani. Ninachopinga ni kukopa mara mbili katika benki ile ile ya Kigiriki, kisha mkopo mmoja tuuite mali yetu na mwingine tuuite wizi.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mtoto akiandika ‘skuli’, tumwandikie pembeni kwamba neno hilo hutumika Pwani na Zanzibar, na kwamba katika mtihani wetu atumie ‘shule’. Ni maneno machache tu zaidi. Hayamnyimi mtoto alama, na hayamwondolei nyanya heshima. Tena yanamfunza jambo ambalo sentensi ile ya kwanza haikumfunza: kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi, na usanifu ni makubaliano ya watu waliokaa mezani, si hukumu kuhusu nani anajua na nani hajui. Na tukishindwa kusema asili ya neno kwa ushahidi, basi tuiache asili ya neno.

Tulipotoka kwa fundi tulipitia kwa mamangu. Nilimweleza mpwa wangu habari za Mdeni na Mjerumani mbele ya nyanya yake, nikitumia shati na sketi kama kielelezo. Mamangu alisikiliza, kisha akasema, “Yote hayo mwayajua, na mwana hamjampa chakula.”

Jumatatu asubuhi mtoto alivaa sare yake mpya. Dada yangu anasema mama alimuuliza kama amechukua vitabu vyote vya skuli, na mtoto akajibu ndiyo, akatoka mbio kuwahi gari.